Sanduku la zana la pinki, "la kina dada": nimelitumia kazini wiki nane

Kaka yangu ndiye aliyeniletea. Alilibeba kwa mikono miwili kama mtu anayepokezwa mtoto mchanga, akaliweka mezani, akarudi nyuma hatua moja. "Dada, kila siku nakuona unajivunja mgongo na lile dude lako la chuma. Hili jepesi, limetengenezwa kwa ajili yenu." Nilishukuru, na nilishukuru kwa dhati, maana kaka yangu si mtu wa zawadi. Nikafungua kifuniko. Vipande 39 vikanikodolea macho, vyote pinki: nyundo pinki, bisibisi pinki, koleo pinki, futi pinki. Hata kile kisanduku kidogo cha misumari kilikuwa pinki, ingawa misumari yenyewe, ashukuriwe Mungu, ilibaki rangi ya msumari.

Mimi ni seremala. Makabati, milango, vitanda, ngazi, na siku hizi jikoni za watu kuanzia sakafu mpaka dari. Mwaka huu natimiza miaka 22 tangu nishike randa kwa mara ya kwanza. Natanguliza hilo mapema ili asije mtu hapa chini akaniambia labda sijui kuzitumia. Najua. Na kwa kuwa zawadi ya ndugu haitupwi, niliamua kulipa sanduku hili haki yake: wiki nane nilienda nalo kazini kila siku, lile langu la chuma likabaki garini kwa dharura. Jina la kampuni silitaji. Masanduku ya namna hii ni mengi, majina tofauti, baba mmoja.

Nianze na picha ya juu ya boksi, kwa sababu niliitazama sana siku ya kwanza. Kuna mwanamke wa blauzi nyeupe, kucha zimepakwa rangi, anacheka. Ameshika nyundo karibu kabisa na kichwa, kama mtu anayeshika kijiko cha uji wa moto. Hana miwani ya kukinga macho, hana msumari, hana mbao. Anampigia nani nyundo hiyo, haijulikani. Ndani kuna kijitabu cha maelekezo chenye kurasa 12, na katika hizo, kurasa 5 zinafundisha kutundika picha ukutani. Vilevile mna kulabu 50 za kutundikia picha. Hamsini! Yaani kabla sijafungua sanduku walikwishaamua kitakachofanyika katika maisha yangu. Ukurasa wa mwisho una sentensi niliyowasomea wenzangu wakati wa mapumziko wakacheka hadi mmoja akamwaga maji: "Kwa kazi nzito, mwite fundi."

Nimeita. Nimekuja.

Sasa nyundo. Kichwa kina gramu 225, mpini mfupi, na ukiishika unahisi kama umeshika mswaki. Ile yangu ya kila siku ina gramu 450. Nilichukua msumari wa inchi 3 na kipande cha mbao ngumu kilichobaki kwenye fremu ya mlango. Nyundo yangu: mapigo 6, msumari umezama. Nyundo ya pinki: nilihesabu mapigo 19, na la 19 lilikuwa la hasira, msumari ukapinda. Nikajaribu wa pili, ukafika kwa mapigo 21. Hapa ndipo penye uongo mkubwa wa neno "jepesi". Nyundo nyepesi haikupunguzii kazi, inaikatakata tu kuwa vipande vingi, na kila kipande unakilipia kwa kiwiko. Kazi ya nyundo hufanywa na uzito wake ukiwa mwendoni. Mkono wako kazi yake ni kuinyanyua na kuielekeza. Ukipunguza uzito wa chuma, pengo hilo analijaza mwenye mkono. Kwa hiyo mwanamke waliyesema wanamwonea huruma ndiye waliyemtwisha mzigo. Wiki ya pili nilianza kusikia maumivu ya kiwiko ambayo sikuyasikia tangu nikiwa mwanafunzi.

Sisemi nyundo ndogo haina kazi. Kwa pini za mgongo wa kabati na vijimsumari vya fremu ninayo moja ndogo naipenda sana. Lakini hiyo ni nyundo ya pili. Hakuna seremala anayeanza nayo, na hakuna anayemwambia mwenzake kwamba hiyo ndiyo yote atakayohitaji.

Futi ina mita 3. Ile iliyomo kwenye sanduku la kijani la kampuni hiyohiyo ina mita 5. Nimekaa nikajiuliza kwa nini, sijapata jibu zaidi ya kwamba walidhani nyumba ya mwanamke inaishia mita ya tatu.

Nimelitaja la kijani kwa sababu nililitafuta makusudi. Kampuni hiyohiyo inauza sanduku la kijani lenye vipande 39 vilevile, lakini nyundo ni gramu 450, futi ni mita 5, vyuma vya bisibisi ni vigumu zaidi, badala ya kulabu 50 kuna msumeno mdogo wa chuma, na bei yake iko chini. Chini! Kwa wanaodhani natia chumvi: mwaka 2015 idara ya kulinda watumiaji ya Jiji la New York ililinganisha karibu bidhaa 800 zinazofanana, moja ya kike moja ya kiume, kuanzia midoli ya watoto hadi vifaa vya wazee, ikakuta za kike zina bei ya juu kwa wastani wa asilimia 7. Kulikuwa na skuta ya mtoto, nyekundu na ya pinki, kitu kilekile kimoja, ya pinki ikiuzwa karibu mara mbili. Rangi yenyewe kiwandani haina gharama ya namna hiyo. Tunacholipia ni kuambiwa sisi ni akina nani.

Bisibisi ndizo zilizoniudhi kuliko vyote. Zipo sita, na mbili za nyota zilikuwa zimelika ncha kabla ya wiki ya kwanza kwisha. Chuma laini. Ukikaza skrubu kwenye mbao ngumu ncha inateleza, inakwangua kichwa cha skrubu, na skrubu iliyokwanguliwa kichwa kila fundi anajua ni msiba: haiingii, haitoki. Mpini wake nao wameunyoosha ukawa mwembamba kama kalamu, wakidhani mkono mdogo unataka mpini mwembamba. Kinyume chake. Mpini mnene ndio unaokupa nguvu ya kuzungusha. Mwenye misuli michache ndiye anayehitaji mnene zaidi. Anayetengeneza bisibisi hawezi kuwa hajui jambo hili. Alijua, akaona halina haja kwa mteja wa aina hii.

Hapo niruhusuni nisimulie habari ya jirani yangu, kwa sababu bila yeye tathmini hii ingekuwa manung'uniko ya fundi tu.

Jirani yangu anaishi peke yake na wanawe wawili. Mlango wa kabati lake la jikoni ulikuwa unaning'inia bawaba moja kwa muda mrefu, anaunyanyua kwa goti kila akifungua. Siku moja aliniona na sanduku la pinki akacheka. "Hata mimi ninalo hilohilo, shoga. Limelala chini ya kitanda." Nikamuuliza kwa nini limelala. Akaniambia alijaribu kufunga ile bawaba mwenyewe, skrubu ikazunguka bila kushika, bisibisi ikateleza ikamchubua kidole gumba, akaacha. "Mimi na mambo hayo hatuelewani. Wengine mmejaliwa." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema mimi ni mrefu au mimi ni mweusi.

Nikaenda kuangalia. Tundu la skrubu lilikuwa limelegea, limekuwa kubwa kuliko skrubu yenyewe, na hapo hata mimi ningezungusha mpaka kesho. Nikamwambia atafute kijiti cha mbao. Akaleta vijiti viwili vya kuchokolea meno. Tukavichovya gundi, tukavisokomeza tunduni, tukavikata sawa na ubao. Kisha nikampa bisibisi yangu, ile nene yenye mpini wa mbao uliong'aa kwa jasho la miaka. Nikamwambia, "Sukuma kwanza, halafu ndiyo uzungushe." Alizungusha mara mbili bila uhakika, ananitazama mimi badala ya kutazama skrubu. Mara ya tatu skrubu ikauma mbao. Kuna sauti ndogo inayotoka pale, kama mlio wa kiatu kipya, na mkono unasikia kabla ya sikio. Nilimwona usoni alipoisikia. Akakaza mpaka mwisho, akafungua mlango, akafunga, akafungua, akafunga.

"Kumbe ni hivi tu?"

Nilirudi nyumbani, baada ya saa moja akaja kugonga kuomba bisibisi ile. Alikuwa ameona bawaba nyingine mbili.

Nimelifikiria hilo sana kuliko nyundo. Yule mama hakushindwa kwa sababu ya kuwa mwanamke, alishindwa kwa sababu ya chuma laini na tundu lililolegea. Lakini chuma hakijiandiki jina, na yeye tangu utotoni alikwisha kuandikiwa jibu: ukishindwa kazi ya mikono, sababu ni wewe. Mwanaume akipewa bisibisi ileile anatukana bisibisi. Mwanamke anajitukana mwenyewe, kimyakimya, halafu analisukuma sanduku chini ya kitanda, na kiwanda kinahesabu mteja mwingine aliyeridhika kwa kuwa hakulalamika. Mwaka ujao watatengeneza nyepesi zaidi.

Mambo mengine nitayapitia harakaharaka. Komeo za sanduku lenyewe ni plastiki nyembamba, moja ilikatika wiki ya pili, nyingine nikaifunga kwa mpira. Kisu cha kukatia ni cha kawaida, kinakata. Funguo za pembe sita zipo nne, zinafaa kwa fanicha za kuunganisha mwenyewe, basi.

Spana ni ile inayorekebishwa mdomo. Kijitabu kinaiita "spana ya kurekebisha", na nilipoona hivyo nilicheka peke yangu, kwa sababu kila aliyewahi kuingia karakana anajua jina lake halisi. Nilikuwa na miaka 19, siku yangu ya kwanza kazini. Fundi mkuu akasema bila kugeuka, "Hebu niletee malaya." Vijana wote wakanyamaza, randa zikasimama, macho usoni kwangu wakingoja nione haya. Nami sikujua ni kitu gani. Nikaenda kwenye meza ya vifaa, nikaona spana moja tu ambayo mdomo wake unafunguka na kufumba, nikajiambia ni hii. Nikaileta. "Huyu?" Fundi mkuu akaipokea, akacheka kidogo puani, na randa zikaanza tena. Niliona nimeshinda siku ile. Ilinichukua miaka kujiuliza kwa nini binadamu anayeweza kila kazi tunamwita fundi, na chuma kinachoingia kila nati tukakipa jina ambalo kwa kawaida anatupiwa mwanamke. Bado naiita hivyohivyo, maana ukisema spana ya kurekebisha karakana nzima itakuuliza unatoka wapi. Kuhusu hii ya sandukuni: mdomo unacheza. Unaifunga kwenye nati, ukivuta inajifungua nusu milimita na kuviringisha kona za nati. Usiinunue kwa jina lolote lile.

Na hili neno fundi, kwa kuwa limekuja. Kiswahili kilitufanyia hisani kubwa hapo. Fundi ni fundi, yeye ni yeye, huwezi kujua kwa neno kama ni mke au mume. Wateja wangu wengi wananipata kwa ujumbe wa simu, tunapatana vipimo na siku, kila kitu sawa. Nikifika, mlango unafunguliwa, mtu ananitazama, halafu anatazama nyuma ya bega langu. "Karibu. Fundi yuko wapi?" Siku hizi najibu, "Ameshafika, anaomba aonyeshwe umeme uko wapi." Lugha imeacha nafasi wazi, watu wameijaza wenyewe na wakaweka masharubu.

Masharubu nasema kwa ushahidi. Mwanangu ana miaka 10. Amelala utotoni juu ya magunia ya vumbi la mbao, amekua kwa sauti ya msumeno wangu. Mwaka jana shuleni waliambiwa wachore mfanyakazi, yeye akachora seremala, vizuri kweli, mpaka penseli sikioni. Na masharubu. Nikamuuliza huyu nani. "Fundi." Fundi yupi? Akanitazama kama nimeuliza swali la mtego. Sikumlaumu. Mtafiti mmoja, David Chambers, alichapisha mwaka 1983 kazi aliyokusanya michoro ya watoto 4,807 walioombwa kuchora mwanasayansi. Waliochora mwanamke walikuwa 28, na wote walikuwa wasichana. Mtoto hachori anachokiona nyumbani, anachora anachokiona kila mahali pengine.

Mwanangu huyo ndiye aliyeipenda nyundo ya pinki. Gramu 225, mpini mfupi: kumbe mkono wake ndio uliopimwa! Aliipiga misumari siku nzima kwenye ubao mbovu, hakupinda hata mmoja mdogo. Nikamwambia, basi beba sanduku twende wote kazini Jumamosi. Akabadilika. Hawezi kulibeba hilo barabarani. Kwa nini? "Mama, si unaona ni la wasichana." Nikaona hapa ndipo pa kutoa elimu. Nikamweleza kwamba pinki haikuzaliwa na wasichana, kwamba mwaka 1918 jarida la wafanyabiashara wa nguo za watoto huko Marekani liliwashauri wazazi kinyume: pinki kwa wavulana kwa kuwa ni rangi yenye nguvu, bluu kwa wasichana kwa kuwa ni laini na ya kupendeza. Kwamba baadaye ndiyo mambo yakageuzwa, na waliogeuza ni watu kama wewe na mimi, wenye nguo za kuuza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto mwenye adabu. Kisha akasema, "Kwani mama, mimi nimezaliwa 1918?"

Sikuwa na jibu. Bado sina. Mimi naweza kumweleza historia, lakini barabarani atakutana na wenzake, si na historia.

Nije kwenye mazuri, kwa maana yapo na sitaki kuonekana nimekuja kuchoma tu.

Pima maji ni ya kweli. Nilidhani itakuwa mdoli, nikaijaribu kama tunavyozijaribu zote: unaiweka juu ya ubao, unaangalia kiputo kimekaa wapi, halafu unaigeuza mkia uwe kichwa, palepale. Kiputo kikirudi mahali palepale, ni nzima, kikihama, itupe. Hiki hakikuhama. Nimefungia rafu tatu kwa pima maji hii na ziko sawasawa.

Koleo, au plaizi kama tunavyosema sisi, meno yake hayakutani vizuri, ukiiinua kwenye taa unaona mwanga unapita. Lakini mishikio yake! Imekaribiana. Kwa mara ya kwanza katika miaka 22 nimefungua koleo kwa mkono mmoja bila kidole kidogo kubaki hewani kikitafuta pa kushika. Laiti wangefunga koleo zuri kwenye mishikio ile.

Na glavu. Nazisifu bila kinyongo. Miaka yote nimevaa glavu za karakana zinazopwaya, ncha za vidole zikining'inia tupu kama maganda, na glavu inayopwaya karibu na drili inayozunguka si ulinzi, ni hatari: ikinaswa inauvuta mkono nayo. Mara nyingi nilichagua kufanya kazi mikono mitupu. Hizi zimenikaa. Ni pinki, zina kiua mgongoni, na nitazivaa mpaka zitoboke.

Kwa hiyo sipingi zana zilizopimwa kwa mwili wangu. Miaka mingi tumeishi na vitu vilivyopimwa kwa mwili wa mtu mwingine. Sanamu lililotumiwa kwa miongo mingi kupimia ajali za magari lilikuwa la mwanaume wa wastani, urefu karibu mita 1.75 na uzito karibu kilo 78, na walipotaka mwanamke walimchukua huyohuyo wakampunguza. Sanduku hili nalo limefanya vivyo hivyo. Hawakukaa chini kupima mkono wangu wakatengeneza nyundo ya gramu 450 yenye mpini unaonienea. Walichukua sanduku la mwanaume, wakapunguza chuma, wakapunguza mita, wakaongeza kulabu. Glavu na mishikio ya koleo vinanionyesha kwamba walikuwa na uwezo wa kupima. Kuna mtu mle kiwandani anajua mkono wangu ulivyo. Akitokea akasoma hapa, namwomba aongee kwenye kikao kijacho.

Niliwaandikia. Wiki ya sita, nikawa nimechoka na bisibisi, nikaandika barua ndefu kwa kitengo cha wateja: uzito wa nyundo, ugumu wa chuma, unene wa mpini, mdomo wa spana unaocheza. Niliandika kwa heshima, kitaalamu, nikaweka sahihi: Fundi Seremala, miaka 22 kazini. Baada ya siku tatu wakajibu.

"Bwana Fundi," ndivyo ilivyoanza. Wakanishukuru kwa maoni ya kina. Wakanieleza kwamba bidhaa hii haikukusudiwa kwa mtaalamu kama mimi bali kwa matumizi mepesi ya nyumbani, wakanipendekezea sanduku lao la kijani. Wakamaliza kwa kutumaini kwamba mke wangu atalifurahia la pinki.

Niliicheka barua ile mpaka machozi, halafu jioni nikakumbuka habari ya Daraja la Waterloo, London. Lilijengwa upya wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanaume wengi wakiwa wameitwa vitani, na mamia ya wanawake walifanya kazi pale: mawe, zege, kuunganisha vyuma. Hakuna aliyewapa nyundo ya gramu 225. Desemba 1945 likafunguliwa rasmi, na Herbert Morrison, waziri aliyelifungua, akasimama akawasifu wanaume waliolijenga. Wanawake hawakutajwa. Waliobaki wakisimulia miaka yote ni waongozaji wa mashua mtoni, ambao wakipita chini yake huliita daraja la kina mama. Mimi sijajenga daraja, nimeandika malalamiko ya bisibisi tu, lakini hata hayo niliyaandika nikageuzwa mume wangu.

Sijawajibu. Nimewaza kuwatumia picha yangu nikiwa nimevaa glavu zao.

Kaka yangu aliniuliza juzi, "Vipi, linakufaa?" Nikamwambia linanifaa. Ni kweli kwa sehemu. Akafurahi, akasema sasa anafikiria kumnunulia binti yake pia, anamaliza shule mwakani, ameanza kupendapenda mambo ya umeme. Nikamwambia kaka, huyo niachie mimi. Nimeshamwekea bisibisi nne, koleo moja lenye meno yanayokutana, na futi ya mita 5. Sanduku lake ni la kitambaa cha turubai, limechakaa kidogo, lilikuwa langu. Glavu ndizo nahangaika nazo; za saizi yake nimezikuta ndani ya masanduku ya pinki tu, na haziuzwi peke yake.

Nyota mbili kati ya tano. Moja ya pima maji, moja ya glavu. Nyundo siihesabu kwa sababu si yangu tena: mwanangu ameizungushia utepe mweusi wa umeme kuanzia mpini hadi shingoni, safu mbili, pinki haionekani hata nukta, na Jumamosi iliyopita aliichomeka kiunoni tukatoka wote.